Mizizi na vidonge: kinachofichwa kwa daktari

Kariakoo, Dar es Salaam, wauza dawa za asili, wengi wao Wamaasai, hutandaza magome, mizizi na unga wa miti pembeni mwa barabara. Mteja huinama na kutaja shida yake kwa sauti ya chini: chango, ngiri, nguvu za kiume. Anapewa gome na maelekezo: chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni. Kikombe cha ukubwa gani? Gome kiasi gani? Mara nyingi hakuna anayeuliza.

Ni kosa kudhani kwamba mitishamba ni tiba ya kijijini tu, kule zahanati iliko mbali. Mjini duka la dawa liko kila kona, na bado majani ya mwarobaini huchemshwa kwa homa, ya mpera kwa kuhara, na mtoto mchanga akilia kwa maumivu ya tumbo bibi huulizia mvuje. Wengi hawaachi hospitali. Wanatumia vyote viwili, na hapo ndipo penye hatari.

Thamani ya mimea hii haina ubishi. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kina taasisi ya tiba asili, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusimamia waganga. Artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria, ilipatikana kwenye mmea, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kidonge kina kipimo kinachojulikana. Chai ya mmea uleule haina, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai hiyo: dawa ikiwa hafifu, vimelea vinaweza kubaki na kujenga usugu.

Hata chakula cha jikoni kinaweza kuingilia dawa. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2002 kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha saquinavir, dawa ya zamani ya kufubaza VVU, kwenye damu. Na si kuingilia dawa tu: mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Daktari angeweza kuzuia mengi ya haya kama angeambiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, akina mama 333 walihojiwa jijini Nairobi. Takriban asilimia 12 walikuwa wametumia mitishamba wakati wa ujauzito, na ni wachache mno waliomwambia mhudumu wa afya. Mama huogopa kufokewa, na si bure: wapo wahudumu wanaomfokea mgonjwa kabla ya kumsikiliza. Kwa mjamzito aliyekunywa dawa ya kuongeza uchungu, ukimya huo unaweza kugharimu maisha, kwani mkunga anaweza kumwekea dripu ya uchungu juu ya dawa aliyokwisha kunywa nyumbani.

Mhudumu anahitaji mambo machache tu: jina la mti, sehemu iliyotumika, kiasi, na siku ilipoanza kunywewa. Asiyejua jina abebe gome lenyewe.