Je, Wajua? Kajiado ni Mto, Kitengela Ilikuwa Njia

Je, wajua kwamba Kajiado ni jina la mto? Kwa Wamaasai ni Olkejuado, mto mrefu. Olkeju ni mto. Ukisema enkeju umetaja mguu. Neno ni lile lile, jinsia tu imegeuka.

Na reli inayopita hapo, je? Haikuwekwa kwa ajili ya abiria, bali kubeba magadi, haya haya tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, mwaka ule ule ambao serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai wa Laikipia kwenye mkataba wa kuhamia kusini. Kufikia 1915 reli ilikuwa imetoka Konza, ikapita Kajiado na kushuka hadi Ziwa Magadi.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha Kitengela. Mbuga ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1946, upande wa kusini uliachwa wazi, na hadi leo hauna uzio. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia walivuka Mto Mbagathi kwenda kulisha na kuzaa katika tambarare za Athi-Kaputiei. Kiangazi kikiingia walirudi kufuata maji mbugani. Ng'ombe wa Wamaasai walikula nyasi hizo hizo.

Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela, iliyokuwa kwenye njia hiyo ya wanyama, ikagawanywa, kila mwanachama na hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye bunge likapitisha sheria iliyoleta viwanda vya EPZ jirani, Athi River, na wafanyakazi wakaanza kutafuta vyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini Kitengela, mji unaoupita mbali Kajiado, ambako ndiko makao makuu ya kaunti.

Je, wajua kwamba kuna waliolipwa ili wasijenge ua, wanyama waendelee kupita? Kuanzia mwaka 2000, wenye mashamba walipewa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, sharti wasilime, wasiuze wala wasizungushe uzio. Ekari hiyo hiyo hukatwa ploti nane za futi hamsini kwa mia. Familia zilizoipokea hiyo mia tatu na kuacha nyasi zao wazi zilitoa zaidi ya zilichopewa, na nyumbu wachache waliosalia hupita kwao.