Mpango upo, na upo kwenye kitabu

Mgeni akija Thamesmead lazima aulize: mbona nyumba za zamani huku chini ni gereji tu? Jibu ni maji. Hapa ni kinamasi cha mto Thames, na mafuriko ya 1953 yaliingia. GLC, baraza la London la wakati ule, lilipoanza kujenga, masharti hayakuruhusu vyumba vya kuishi chini. Wakazi wa kwanza waliingia 1968: magari chini, watu juu, hadi njia za kutembea zikapita hewani.

Wazee wetu waliotoka Dar wanaijua hadithi hii kinyumenyume. Kule Jangwani watu walijenga kwanza, X nyekundu ikaja baadaye. Kwao mipango miji ni bomoabomoa, basi. Barua ya kaunsili ikija kuomba maoni, mama yangu anaibandika kwenye friji, na hapo imefika mwisho wa safari.

Tatizo ni hili. Sheria ya Uingereza ya 2004 inataka ombi la kujenga liamuliwe kwa kufuata mpango wa eneo, labda kuwe na sababu nzito ya kwenda kinyume. Yaani ghorofa linaloziba dirisha lako leo, mara nyingi kiwanja chake kilishatengwa miaka kadhaa nyuma. Ukisimama kikaoni ukasema "hatulitaki", utasikilizwa kwa adabu tu. Ukitaja kifungu cha mpango chenyewe, hapo sasa mnaongea.

Na sisi tuna vitabu viwili, maana mpaka unatukata katikati. Southmere iko Bexley, mpango wa 2023. Madukani katikati ni Greenwich, wa 2014. Juu yao kuna mpango wa meya wa 2021, na kabla yake mwongozo wa 2020 wa Thamesmead na Abbey Wood, unaotaja hadi nyumba mpya 15,500.

Wa meya usomeni polepole, hasa ninyi wa Lesnes, ambako nyumba zimepangwa kubomolewa. Unasema nyumba za bei nafuu zikivunjwa, ukubwa wa sakafu yake urudishwe wote au zaidi. Sakafu, jamani! Mita za mraba, si idadi ya milango. Mita zilezile zinaweza kurudi zikiwa nyumba chache kubwa au nyingi ndogo.

Mipango hii hupitiwa upya angalau kila miaka 5. Kwa Bexley, basi, isizidi 2028. Mama nimeshamwambia barua hiyo ikija anipigie.