Kufundisha Uchunguzi wa Makosa: Mfano wa Faili la Mipangilio

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na tatizo hili: programu yake imeandikwa sawasawa, lakini imeshindwa kusoma faili la mipangilio. Faili hilo huhifadhi maelezo ambayo programu huyahitaji inapoanza kazi, ili yaweze kubadilishwa pasipo kuigusa programu yenyewe. Mwalimu mwenye haraka husahihisha kosa kwa mkono wake. Programu hupona, lakini mwanafunzi hubaki alivyokuwa. Yafaa aongozwe alitafute kosa mwenyewe.

Tuchukue faili dogo la muundo wa JSON, litakalosomwa na programu ya Python:

1. {
2. "darasa": "La Tano",
3. "somo": "Hisabati"
4. "jumla": "50"
5. }

(Namba za mistari si sehemu ya faili.) Humo mna makosa mawili. Kabla ya kuyaonyesha, mwalimu aulize maswali manne kwa utaratibu ufuatao.

(a) Je, faili limeonekana? Programu ikipewa jina tupu la faili, hulitafuta katika folda ambamo kazi imeanzishwa, ambayo huenda isiwe folda yenye programu. Wanafunzi walinganishe majina herufi kwa herufi. Linux, kwa mfano, hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

(b) Je, limefunguka? Faili laweza kuwapo, lakini mtumiaji akawa hana ruhusa ya kulisoma. Ujumbe wa kosa hili ni tofauti na ule wa kwanza. Kwa hiyo ujumbe usomwe wote.

(c) Je, kanuni za uandishi zimefuatwa? JSON hudai mkato baina ya jozi moja na inayofuata, wala hairuhusu mkato baada ya jozi ya mwisho. Hapa mkato umesahauliwa mwishoni mwa mstari wa 3, lakini Python hutaja mstari wa 4. Mahali panapotajwa ni pale programu iliposhindwa kuendelea, si lazima pawe pale kosa lilipotendeka. Basi utazamwe mstari uliotajwa pamoja na ule ulioutangulia.

(d) Je, maana ndiyo iliyokusudiwa? Mkato ukisharudishwa, faili litasomwa bila lalamiko. Hata hivyo, 50 imefungwa katika alama za usemi. Kwa hiyo ni maandishi, si namba. Programu ikiamriwa kuizidisha kwa 2, Python haitatoa 100, bali 5050. Kosa hili ni la hatari zaidi, kwani halikutangazwa na ujumbe wowote. Kinga yake ni kumzoeza mwanafunzi kukadiria jibu kabla ya kuendesha programu.

Katika hatua zote, jambo moja tu libadilishwe, kisha programu iendeshwe tena. Mambo matatu yakibadilishwa pamoja, hakuna ajuaye lililoponya.

Shule isiyo na kompyuta isikose somo hili. Mwalimu aandike faili ubaoni, na mwanafunzi mmoja awe mashine: asome alama moja baada ya nyingine, na asimame papo hapo anapokuta isiyotarajiwa. Darasa litaona wazi kwa nini alisimama mstari wa 4.

Mwishowe, mwalimu atoe alama kwa njia ya uchunguzi, si kwa programu iliyopona pekee. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali haya atayatumia pia katika hesabu ya kugawanya iliyokataa kutoka.