Kiboko, Zawadi na Ua wa Umeme: Kweli au Si Kweli?

Kuanzia Othaya hadi Karatina na Nanyuki, mzazi akilia kwamba mwanawe hasikii, jirani hakosi ushauri: mchape, au muahidi kitu. Mawazo hayo mawili yana nasaba na mkabala wa kitabia katika saikolojia, uliotangazwa Marekani na John Watson mwaka 1913 na kuendelezwa na B. F. Skinner: chunguza kitendo kinachoonekana, kisha tazama matokeo yake. Tuyapime yanayosemwa.

1. “Kiumbe hufunzwa na matokeo ya kitendo chake.”
KWELI. Ua wa umeme unaozunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Ndovu akigusa waya hupigwa na umeme, na safari nyingine hukaa mbali na shamba la viazi. Hii ndiyo nguvu ya mkabala huu: matokeo yake yanaonekana na kupimika. Hata tiba ya hofu imefaidika nao. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimwondolea mtoto hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo, mtoto akila chakula akipendacho.

2. “Ukishika adhabu na zawadi, umeshika kila kitu.”
SI KWELI. Kule Laikipia, ndovu waligundua kwamba pembe haziwapitishii umeme kama ngozi, wakawa wanakata nyaya kwa pembe. Mnyama alipigwa na umeme, akafikiri. Mwaka 1930 wanasaikolojia Tolman na Honzik waliwaachia panya wazurure katika njia za kupotezana bila chakula. Chakula kilipowekwa siku ya 11, waliifuata njia upesi; walikuwa wamejifunza bila zawadi yoyote. Udhaifu wa mkabala wa kitabia ndio huu: kuyapa kisogo yanayopita akilini.

3. “Kiboko hufuta kosa.”
SI KWELI. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini methali hiyo inadai malezi thabiti, haikutaja kiboko. Skinner mwenyewe aliandika mwaka 1938 kwamba panya waliopigwa nyayo walipunguza kubonyeza wenzo kwa muda tu, kisha wakafidia mibonyezo waliyoikosa. Naye Albert Bandura alionyesha mwaka 1961 kwamba mtoto anayemwona mtu mzima akipiga mwanasesere humwiga. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtoza mwalimu anayekiuka hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili.

4. “Kijana asiyeacha kamari ni mjinga.”
SI KWELI. Ferster na Skinner walionyesha mwaka 1957 kwamba zawadi inayokuja bila kutabirika hushikilia tabia kuliko ile ya kila mara. Mashine ya kamari imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Kijana huyo anahitaji kuondolewa karibu na mashine na kupewa shughuli yenye faida, matusi hayamsaidii.

Mzazi, mwalimu: sifu jema mara tu linapotendeka, na sifa yako iwe ya kweli. Mtoto akirudia kosa, weka kiboko chini, keti naye, umuulize kwa nini. Jibu la swali hilo halipatikani kwa zawadi wala kwa fimbo.