Picha za Wazee Wetu Katika Televisheni Pana

Nyumba nyingi za Buyenzi, mjini Bujumbura, zimehifadhi picha za arusi na za wazee waliotangulia. Siku hizi vijana huzipiga upya kwa simu, wakazionyesha mfululizo katika televisheni.

Ndugu msomaji, jihadhari. Kioo cha kisasa kina upana wa 16 kwa kimo cha 9. Picha nyingi za simu, zikilazwa, ni 4 kwa 3. Ukizikata zikienee kioo, robo ya kimo hupotea, pengine pamoja na kilemba cha bibi. Ukizivuta, uso wake hupanuka.

Mandhari ya Ziwa Tanganyika yaweza kukatwa, lakini kata nakala, asili uitunze. Picha ya mtu iache nzima, pembeni pabaki peusi. Weusi huo si aibu. Aibu ni mjukuu kutomtambua bibi yake.