Mashine ya boti: kubwa si lazima iwe bora

Mvuvi akipata mkopo, mara nyingi hukimbilia mashine ya nguvu za farasi 40. Kabla ya kulipa, tazama chombo chako kwanza.

Mashua ya mbao huenda kwa kupasua maji. Ile ya mita 8 ikishafika kama maili 7 za bahari kwa saa, nguvu ya ziada haiongezi mwendo wa maana: huinua omo, hudidimiza tezi na kuchoma mafuta bure. Mashine ya 15 yatosha. Boti ya faiba yenye kitako bapa ndiyo hupanda juu ya maji. Hiyo, ikiwa yabeba abiria kati ya Lamu na Mokowe, yastahili 40.

Piga hesabu ya mafuta. Ya 15 ikifunguliwa yote hula takriban lita 6 kwa saa. Ya 40 hupita 15. Tofauti hiyo hutoka kwenye samaki wako.

Lakini ndogo kupita kiasi nayo ni hatari. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vikikukabili kwenye mlango wa mwamba, mashine dhaifu haitakutoa.

Na ubao wa tezi ukiwa umechoka, utengeneze kabla ya kufunga mashine yoyote.