Mbona Ng'ombe Wako Hashiki Mimba?

Mkulima, ng'ombe asiposhika mimba hakuna ndama, na maziwa hukauka. Usiharakishe kumlaumu dume. Fahamu kwanza habari za yai.

Ng'ombe mwenye afya huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Dalili kubwa ni kwamba akipandwa na wenzake husimama tuli. Joto likiisha, hupita muda wa saa 12 hivi, ndipo yai hutoka katika kifuko chake tumboni. Yai hilo huishi saa chache tu. Kwa hiyo ukiona joto asubuhi, mpandishe jioni. Ukiliona jioni, mpandishe kesho yake asubuhi.

Lakini ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huenda asitoe yai lolote. Chakula chake kidogo huishia katika maziwa, na mwili hukosa nguvu ya kukomaza yai. Basi mlishe vizuri tangu kabla hajazaa: majani mengi, maji safi na chumvi ya madini. Zikipita siku 60 tangu azae nawe hujaona joto, mwite daktari wa mifugo ampime. Usingoje mwaka uishe.